Kuboresha mwenendo wa kazi katika kampuni: maswali ambayo wenye biashara wa Lubumbashi huuliza mara kwa mara

Maswali haya yanatoka kwa wenye gereji wa Katuba, wenye mikate na depo wa Kampemba, wachapaji wa mjini kati, na wasimamizi wa kampuni ndogo zinazofanya kazi kwa migodi ya Likasi na Kolwezi. Unaweza kusoma jibu moja na kuondoka. Penye haja tumekuelekeza kwenye swali jingine. Hesabu za mifano ni za kufundishia tu. Weka za kwako mahali pake.

## Mwanzo

1. Kuboresha mwenendo wa kazi maana yake nini hasa?

Kila kazi ina njia yake, tangu mteja anapoomba kitu hadi anapokipata na wewe unapopata pesa yako. Kwenye gereji, gari linaingia, linakaguliwa, bei inatajwa, mteja anakubali, vipuri vinatafutwa, fundi anatengeneza, gari linajaribiwa, mteja analipa. Kuboresha ni kuifuata njia hiyo hatua kwa hatua ili uone kazi inalala wapi, inarudiwa wapi, inaharibika wapi. Kisha unabadilisha kitu kimoja na kupima kama kimesaidia.

Watu wengi wakisikia neno "kuboresha" wanafikiri ni kuwahimiza wafanyakazi waongeze mbio. Hebu lifuate gari moja ukiwa na saa na daftari. Huenda ukakuta limekaa gereji siku nne, na katika siku hizo fundi amelishika saa tatu tu. Muda uliobaki lilikuwa linasubiri: mteja hajapokea simu, kipuri hakijafika, ufunguo wa stoo uko kwa bosi aliyetoka. Fundi akifanya kazi kwa mwendo maradufu ataokoa saa moja na nusu katika siku nne. Kwa hiyo usishangae ukiona kusubiri kunatajwa karibu kila jibu hapa chini.

2. Mbinu hizi zilitoka wapi? Si mambo ya Wazungu wenye viwanda vikubwa?

Zina wazazi wengi. Mwaka 1924 Walter Shewhart, aliyekuwa akifanya kazi na kampuni ya simu ya Bell huko Marekani, alichora chati ya kutenganisha kasoro za kawaida na zile zenye chanzo maalumu. Mwaka 1950 Mmarekani mwingine, W. Edwards Deming, alialikwa Japani kufundisha wahandisi na wakurugenzi. Huko ndiko mawazo hayo yalipata udongo mzuri.

Kampuni ya Toyota wakati huo ilikuwa karibu kufilisika. Mwaka huohuo wa 1950 wafanyakazi waligoma, na mwanzilishi wake Kiichiro Toyoda akajiuzulu. Haikuwa na pesa za kujaza maghala wala nafasi ya kuharibu bati. Taiichi Ohno na wenzake wakajenga, kwa miaka mingi, mtindo wa kutengeneza kinachohitajika tu, kwa wakati kinapohitajika, na kusimamisha kazi mara kasoro inapoonekana. Ni mbinu zilizozaliwa na uhaba. Mtu anayesema ni za matajiri aanzie hapo.

3. Kaizen, lean, Six Sigma, 5S, ISO 9001: tofauti ni nini, na nianze na ipi?

Kaizen ni tabia ya kufanya mabadiliko madogo kila mara, yanayotoka kwa wanaofanya kazi yenyewe. Lean ni jina ambalo watafiti wa Marekani waliupa mtindo wa Toyota mwishoni mwa miaka ya 1980. Shabaha yake ni kuondoa kila kitu ambacho mteja asingekilipia. Six Sigma ilianzia kampuni ya Motorola mwaka 1986, nayo inatumia takwimu kupunguza kasoro hadi kiwango maarufu cha 3.4 katika nafasi milioni moja. 5S ni mpangilio wa mahali pa kazi. Watanzania, ambao wameitumia sana hospitalini, huzitaja hatua zake hivi: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. ISO 9001 ni orodha ya masharti ya usimamizi wa ubora ambayo mkaguzi wa nje anaweza kuyathibitisha (swali la 17).

Ushauri wetu kwa biashara ya hapa: iache Six Sigma. Inahitaji data nyingi sana, na mwenye oda 40 kwa siku hana data hizo. Anza na 5S kwa wiki moja ili macho yafunguke, halafu nenda kwenye mkwamo, yaani hatua inayozuia nyingine zote (swali la 6). Majina yasikusumbue. Tumeona watu wamebandika maneno ya Kijapani ukutani, na chini yake vyuma vibovu vimerundikana tangu mwaka juzi.

4. Nina wafanyakazi watano tu. Inanihusu?

Inakuhusu, na una bahati: huhitaji kikao cha wakurugenzi ili kuhamisha meza. Mama mwenye mgahawa wa bukari (ugali) anayeweka samaki, sahani na maji ya kunawa ili asipishane na msaidizi wake mlangoni tayari anaifanya kazi hii.

5. Gharama yake ni kiasi gani?

Daftari, saa, chaki, na muda wako. Gharama kubwa inakuja pale unaponunua mashine kabla ya kujua mkwamo uko wapi. Mshauri wa nje anaweza kusaidia, lakini akikuandikia ripoti nene bila kusimama karakana hata nusu siku, usimlipe sehemu ya pili.

## Kuliona tatizo

6. Nianzie wapi, maana kila kitu kinaonekana kibovu?

Chagua bidhaa moja au huduma moja inayokuletea pesa nyingi, kisha tafuta hatua inayozuia nyingine zote. Mwisraeli Eliyahu Goldratt ndiye aliyelieneza wazo hili katika miaka ya 1980: kila mfululizo wa kazi una hatua moja iliyo finyu kuliko zote, na hiyo ndiyo inayoamua kampuni nzima itatoa nini.

Chukua kiwanda cha mikate. Kukanda kunaweza kutoa unga wa mikate 600 kwa saa, kukata na kuumua 500, tanuri 300, kufunga 700. Hapo unatoa mikate 300 kwa saa, basi. Ukinunua mashine mpya ya kukanda utapata unga mwingi ulioumuka kupita kiasi huku ukingoja tanuri, na mikate itakuwa chachu. Ukiajiri mfungaji wa pili, mtakuwa na wafungaji wawili wanaopiga soga. Bali ukihakikisha tanuri halikai wazi hata dakika kumi, yaani trei inayofuata iko mlangoni kabla ile ya kwanza haijatoka, umeongeza mauzo bila kununua chochote.

Mkwamo unautambuaje? Tazama mahali vitu vinaporundikana na watu wa hatua inayofuata wamekaa. Mara nyingi hauko kwenye mashine kabisa. Tunachokikuta zaidi hapa Lubumbashi ni sahihi ya bosi: hati kumi zinangoja mtu mmoja aliyekwenda Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Ukishaufungua mkwamo mmoja, mwingine utajitokeza mahali pengine, nawe unaanza upya.

7. Nipime nini, na nitapimaje bila kompyuta?

Mali bila daftari hupotea bila habari, na muda ndio unaopotea haraka kuliko mali. Pima vitu vitatu: kazi inachukua siku ngapi tangu kuingia hadi kutoka, ngapi zimerudishwa kwa kasoro, na ngapi ziko ndani sasa hivi.

Kuna hesabu moja ambayo Mmarekani John Little aliithibitisha mwaka 1961, nayo haihitaji hata kikokotoo. Idadi ya kazi zilizo ndani ni sawa na zinazomalizika kwa siku ukizidisha kwa siku ambazo kila moja inakaa. Kwa hiyo, ukiwa na magari 12 uani na unamaliza matatu kwa siku, kila gari linakaa kwako wastani wa siku nne. Ukitaka mteja alipate gari lake baada ya siku mbili, una njia mbili: umalize magari sita kwa siku, au usiruhusu zaidi ya sita kuingia kwa pamoja. Njia ya pili ni ya bure, ingawa inaumiza roho, maana mwenye gereji hupenda kuona ua umejaa. Magari yaliyojaa uani ni vipuri ulivyolipia na pesa ambazo hujalipwa.

8. "Upotevu" mnaouzungumzia ni upi?

Ohno alitaja aina saba: kutengeneza kupita mahitaji, kusubiri, kusafirisha ovyo, kufanya kazi isiyotakiwa, kulimbikiza akiba, kutembeatembea, na kasoro. Usizikariri. Kusubiri tumekwisha kukutaja. Kutembeatembea kunaonekana kirahisi: mchoree fundi njia anayopita asubuhi moja kwenye karatasi, utaona mistari imesokotana kama buibui alilewa. Kazi isiyotakiwa ni ngumu zaidi kuiona kwa sababu inafanana na bidii: fakitire (ankara) inayoandikwa kwenye daftari, kisha kwenye karatasi, kisha kwenye simu ya mhasibu, na kila mara tarakimu moja inabadilika.

Ulio mzito kuliko wote ni kutengeneza kupita mahitaji, kwa sababu unazaa mingine. Ukifyatua matofali mengi kuliko oda, utahitaji mahali pa kuyapanga, mlinzi, watu wa kuyahamisha, na mvua ya Desemba itachukua sehemu yake.

9. Kuuliza "kwa nini" mara tano kunafanyikaje?

Desturi hii inahusishwa na Sakichi Toyoda, babake Kiichiro. Mfano: mteja wa Ruashi amepelekewa mifuko 50 ya saruji badala ya 30. Kwa nini? Dereva alipakia 50. Kwa nini? Karatasi ilisomeka 50. Kwa nini? Aliyeandika alichukua oda kwa simu penye kelele. Kwa nini hakurudia kumsomea mteja? Hakuna aliyewahi kumwambia afanye hivyo. Hapa mara nne zimetosha. Basi dawa ni sentensi moja: oda yoyote ya simu inasomwa upya kwa mteja, kisha inatumwa kwa ujumbe kabla ya lori kupakiwa.

Angalia pale mnyororo unapotaka kuishia kwenye "kwa sababu huyu kijana ni mzembe". Hapo ndipo mabosi wengi huridhika. Lakini kijana ukimfukuza, atakayekuja atapokea simu ileile penye kelele zilezile. Uliza tena.

10. Mimi naona shida yangu ni wizi, si mwenendo wa kazi. Mnasemaje?

Swali hili halikosekani, na halina ubaya. Wizi upo. Ila pima kwanza, kwa sababu stoki isiyoandikwa huonekana kama imeibwa hata ilipovunjika, ilipotolewa kwa mkopo bila karatasi, au ilipohesabiwa vibaya ilipoingia. Kubadilisha dola na franga mara ishirini kwa siku bila bei iliyoandikwa ukutani asubuhi pia kunakula pesa, na hakuna mwizi.

Kinga ya mambo yote mawili ni moja: anayeagiza asiwe anayepokea, anayepokea asiwe anayelipa. Hesabuni aina chache za bidhaa kila siku badala ya kuhesabu duka zima mwisho wa mwaka. Mwizi halisi ataonekana mapema, na mtu asiye na hatia hatashukiwa bure. Kama anayeshika pesa ni ndugu yako, soma pia swali la 13.

## Watu

11. Wafanyakazi wangu wanaogopa kwamba "kuboresha" ni njia ya kuwafukuza. Niwaambieje?

Katika mji huu hofu hiyo ina historia. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, waliondolewa katika mpango wa "kuondoka kwa hiari" uliofadhiliwa na Benki ya Dunia. Wengi wa watu unaowaajiri leo ni watoto wa wazee hao. Ukisema "tunaiboresha kampuni", wanachosikia ni mwaka 2003.

Kwa hiyo tamka waziwazi, kabla ya kuanza, kwamba hakuna atakayepoteza kazi kwa sababu ya wazo alilolitoa yeye au mwenzake. Na kama huwezi kulitimiza hilo, usilitamke, na usianze. Mwite mwakilishi wa wafanyakazi tangu siku ya kwanza. Muda uliookolewa utumie kupokea oda mpya au kupunguza saa za usiku. Kama biashara imekwama kiasi kwamba lazima upunguze watu, hilo ni jambo lingine lenye sheria zake. Lifanye peke yake, usilivishe nguo ya kaizen.

12. Nikiwauliza tatizo liko wapi, wananyamaza. Nifanye nini?

Kijana kumwambia mzee wake mbele za watu kwamba mpango wake una kasoro ni kumvunjia heshima. Usitarajie desturi hiyo itavunjwa na mkutano mmoja wa Jumatatu. Zipo njia za kupita pembeni. Nenda karakana mwenyewe, simama, na uliza kuhusu kazi badala ya kuuliza kuhusu mtu: "Hapa kinachokuchelewesha ni nini?" ni swali linalojibika. Fundi mkubwa akusanye maneno ya vijana na kuyaleta yote pamoja bila majina. Na la kwanza litakaloletwa lifanyie kazi wiki hiyohiyo hata likiwa dogo, taa ya stoo kwa mfano, maana watu wanasikiliza mikono yako zaidi ya mdomo.

Mwaka 1984 kiwanda cha Fremont, California, ambacho General Motors ilikuwa imekifunga mwaka 1982, kilifunguliwa upya kwa ubia na Toyota. Wengi wa wafanyakazi walikuwa walewale wa zamani, ambao walijulikana kwa utoro na migomo. Safari hii kila mmoja alipewa ruhusa ya kuvuta kamba na kusimamisha mstari akiona kasoro. Baada ya muda mfupi ubora wa magari yao ukawa miongoni mwa ulio bora kabisa ndani ya General Motors. Watu hawakubadilishwa.

13. Anayekwamisha kazi ni shemeji yangu. Hapo mbinu zinasaidia?

Kidogo. Utaratibu ulioandikwa unamsaidia bosi kwa sababu unamwezesha kusema "karatasi inasema hivi" badala ya "mimi nakukataza". Mpe shemeji kazi yenye kipimo kinachoonekana na wote, kiandikwe ukutani pamoja na vipimo vya wengine. Wapo wanaobadilika wakijiona kwenye ubao. Asiyebadilika ni suala la baraza la familia, na ukurasa huu hauwezi kukaa kwenye baraza hilo.

14. Kwa nini mabadiliko yetu hufa baada ya miezi miwili?

Sababu tatu tunazokutana nazo. Ya kwanza, utaratibu mpya haukuandikwa, basi aliyeufahamu alipougua kila mtu akarudia wa zamani. Ya pili, mlibadilisha vitu kumi kwa pamoja, hamkujua kipi kilisaidia, mkachoka. Ya tatu, na ndiyo nzito, bosi mwenyewe aliuvunja: alileta gari la rafiki yake akalipitisha mbele ya foleni. Siku hiyo ubao uliacha kuwa na maana.

Kilichofanya kazi kwa wengi ni kikao cha dakika kumi asubuhi, wakiwa wamesimama mbele ya ubao: jana tulitoa ngapi, kipi kilirudishwa, leo nini kitatukwamisha. Kikao kikizidi robo saa kimekufa.

## Mazingira yetu

15. Umeme unakatika kila mara. Mbinu za Wajapani zinanisaidia nini wakati wa delestaji (umeme wa mgao)?

Zaidi ya unavyofikiri. Umeme ukiwa wa saa chache, saa hizo ndizo mkwamo wako (swali la 6), na kila dakika mashine inapowaka bila kutoa kitu ni hasara ya kampuni nzima.

Mwaka 1969 mhandisi Shigeo Shingo alikuta Toyota ikitumia saa 4 kubadilisha vyombo vya mashine moja ya kukandamiza bati ya tani 1,000. Walishusha hadi dakika 90, kisha hadi dakika 3. Siri yake ni swali moja: kipi lazima kifanyike mashine ikiwa imesimama, na kipi kingeweza kuandaliwa kabla? Mchapaji wa Lubumbashi anaweza kulitumia hivyohivyo. Karatasi zikatwe, wino uchanganywe, oda zipangwe kwa rangi, boliti ziwekwe karibu, yote haya wakati wa giza. Umeme ukirudi saa nane usiku, zamu iliyoko inabonyeza na kuchapa. Kwenye kinu cha mahindi, kupima magunia na kupokea pesa kufanyike kabla, wateja wawe na namba zao mkononi.

Kuhusu jenereta, piga hesabu ya mkwamo peke yake. Mara nyingi huhitaji kuwasha karakana nzima. Mashine moja na taa mbili zinatosha kuokoa siku, na mafuta yanapungua sana.

16. Tunaambiwa tusiweke akiba kubwa. Kwa foleni za Kasumbalesa, si tutafunga duka?

Mtafunga, ndiyo. Mtindo wa kupokea mzigo saa ileile unapohitajika unadai njia inayoaminika, na mpaka wetu na Zambia bado haujafika huko. Hata Toyota yenyewe, baada ya tetemeko la Machi 2011, iliwataka wanaoiuzia vijenzi vya kielektroniki waweke akiba ya miezi kadhaa. Akiba inakuwa upotevu pale isipokukinga na kitu chochote.

Basi ipime. Andika mizigo yako kumi ya mwisho ilichukua siku ngapi. Tuseme 6, 7, 6, 9, 8, 7, 21, 6, 10, 8. Wastani ni siku 8.8. Ukiuza magunia 20 kwa siku na kupanga kwa wastani, utaweka magunia 176, na ile mara ya siku 21 utakaa bila unga karibu wiki mbili. Ukipanga kwa siku 21 utahitaji magunia 420, na pesa nyingi zitalala. Hatusemi uchague namba moja kwa bidhaa zote. Unga, mafuta ya kupikia na vile vichache ambavyo mteja akivikosa harudi, vikinge kwa ile siku mbaya kabisa. Vinginevyo vyote, panga karibu na wastani na ukubali kukosa mara mojamoja.

Kisha rudi kwenye ile safari ya siku 21 na uulize "kwa nini" (swali la 9). Ukikuta ni karatasi zilizorudishwa na forodha kwa kosa la kuandika, hilo liko mikononi mwako, na kulirekebisha ni rahisi kuliko kujenga ghala la pili.

17. Mgodi unatudai cheti cha ISO 9001 kabla ya kutupa kazi. Je, cheti kinatosha?

Kwanza sheria: sheria namba 17/001 ya tarehe 8 Februari 2017 inaziwekea kampuni zenye mtaji wa Wakongomani walio wengi haki ya kupewa kazi za ukandarasi mdogo, na ARSP, mamlaka ya serikali ya ukandarasi mdogo, ndiyo inayosimamia. Sheria hiyo inakufungulia mlango. Masharti ya ubora ni ya mteja mwenyewe, na anaweza kuyaweka.

ISO 9001 ilitolewa mara ya kwanza mwaka 1987. Shirika la ISO lenyewe halitoi vyeti. Vinatolewa na kampuni huru za ukaguzi, kwa hiyo jihadhari na anayedai "anatoka ISO". Pia usinunue kitabu kinene cha taratibu kilichonakiliwa kwingine: toleo la 2015 halikulazimishi tena kuwa na mwongozo wa ubora. Linakutaka uonyeshe kwamba unajua kazi yako inavyopita, unapima, na unarekebisha. Kampuni iliyoshikilia kikao cha asubuhi na ubao wa swali la 14 kwa mwaka mzima ina nusu ya ushahidi tayari. Cheti bila hayo kitakufikisha kwenye mkataba wa kwanza, halafu mgodi utakuja kukagua wenyewe.

18. Sisi ni kliniki na ofisi, hatuna mashine. Inakuwaje?

Kazi ya karatasi inakwama kama ya vyuma, ila rundo lake limefichwa kwenye droo au kwenye simu ya mtu. Fanya hesabu hii: faili linapita mikono mitano, na kila mkono unafanya sawasawa mara 95 kati ya 100. Yanayofika mwisho bila kosa ni 77 tu kati ya 100, maana 0.95 inajizidisha mara tano. Kila mtu ofisini ana haki ya kujivunia kazi yake, na bado karibu robo ya wateja wanarudishwa. Punguza mikono kabla ya kuhimiza uangalifu.

## Mambo ya pembeni

19. Nitajuaje kwamba mabadiliko ndiyo yaliyosaidia na si bahati?

Kwanza usilinganishe Machi na Juni. Machi ni mvua, barabara za Annexe ni tope, magari ya mizigo yanachelewa. Juni ni kiangazi. Biashara nyingi "huboreka" Mei bila mtu kufanya lolote. Linganisha na kipindi kilekile cha mwaka jana, au linganisha zamu iliyobadilika na ambayo haijabadilika bado.

Pili, chora. Weka nukta moja kila siku kwenye karatasi ya miraba, piga mstari wa wastani wa siku 20 za kabla ya mabadiliko, kisha endelea. Nukta moja juu au mbili chini hazina habari. Nukta 8 mfululizo upande mmoja wa mstari ni ishara kwamba kitu kimebadilika kweli. Hii ni ndugu ya chati ya Shewhart (swali la 2), na inazuia ugonjwa wa kumpongeza mtu Jumanne na kumgombeza Alhamisi kwa namba zinazopandashuka zenyewe.

20. Kuna hali ambayo mbinu hizi hazifai kabisa?

Ipo. Kama bidhaa yako haitakiwi tena, kuitengeneza kwa ustadi ni kufilisika kwa mpangilio mzuri. Na kama pesa ya matengenezo inachukuliwa kila mwezi kwa mambo mengine, hakuna ubao utakaoifidia.

Wazee wa hapa wameliona kwa macho yao. Gécamines ilitoa shaba karibu tani 476,000 mwaka 1986. Kufikia 1994 ilikuwa imebaki na tani karibu 30,000. Mafundi wake walikuwa hodari, wengi wamefunza mafundi wa leo, na taratibu za kazi zilikuwa zimeandikwa vizuri kuliko za kampuni nyingi za sasa. Lakini mapato yalichukuliwa na serikali bila kurudi kwenye mashine, vipuri vikakosekana, na mwezi wa Septemba 1990 mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto ukaporomoka. Ukiwa mwenye kampuni na unachota pesa ya vipuri kwa ajili ya harusi, usiwaite wafanyakazi kwenye semina ya ubora.

21. Tunaweza kujifunza wapi bila kusafiri?

INPP, taasisi ya taifa ya mafunzo ya kazi, ina kituo Lubumbashi, na kazi yake ni mafunzo ya ufundi na usimamizi kwa watu walio kazini. Nenda ukaulize ratiba, na uombe mkufunzi aje karakana badala ya kuwapeleka watu darasani. Ofisi ya mkoa ya FEC, shirikisho la kampuni za Kongo, huwakutanisha wenye kampuni, na baadhi ya wanachama wako tayari kukuonyesha ubao wao. Wanafunzi wa Politekiniki ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi wanatafuta mahali pa mazoezi kila mwaka: mpe mmoja saa, daftari na gari moja la kulifuata kuanzia getini, na umwambie bei ya chakula cha mchana utailipa wewe.